Seli za Joakim

Niseme mapema ili usihangaike kunitafutia sababu: mimi ni mtu wa wivu. Nilikuwa nao kabla sijaoa, nikaoa nao, na umri huu haujaupunguza hata kidogo. Mke wangu Milembe alipoanza kuvimba miguu, mwaka wa tisini na nane, swali langu la kwanza halikuwa atatibiwa wapi. Niliuliza Joakim amejuaje kabla yangu.

Alijua kwa sababu mwanangu Mihayo alikuwa karani wake. Joakim alikuwa mnunuzi wa pamba pale Dutwa, mmoja wa wale walioibuka soko lilipofunguliwa, kila mmoja na mzani wake njia panda. Zamani alikuwa dereva wa lori la ushirika, akibeba pamba kwenda kwenye kiwanda cha kuchambua. Mimi nilikuwa mkubwa kuliko yeye, kama ukubwa unahesabiwa kwa kuogopwa. Nilikuwa mpanga madaraja wa chama cha msingi kwa miaka kumi na saba. Mkulima anashusha mfuko, mimi nazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, natoa konzi ya pamba kutoka katikati kabisa, naitandaza mezani watu wote waone. Nyeupe na kavu, naandika safi. Ya manjano, yenye majani na uchafu, naandika fifi, na hata kama ni shemeji yangu atarudi nyumbani na fifi yake. Pamba ya juu haikuwahi kunidanganya.

Kisha wakaja hawa wa soko huria, wakapima chochote kilichojaa mfuko. Safi na fifi pamoja, maji ndani, mchanga ndani, mradi mzani unashuka. Meza yangu ikawa mahali pa kuku kutagia. Joakim akanunua lori lake mwenyewe, na mwanangu akaenda kumwandikia vitabu.

Lakini huo wa pamba ulikuwa wivu mdogo. Mkubwa ulianza mwaka wa sabini na tano. Mtoto wetu wa kwanza alikaa duniani siku sita tu. Wiki hiyohiyo mke wa Joakim alifariki akijifungua, akamwacha binti mchanga, Domitila. Milembe alikuwa na maziwa yanayomwagika na hana wa kumpa. Joakim alikuja na mtoto kwenye kitenge, akasimama mlangoni bila kusema neno, na mke wangu akampokea. Alimnyonyesha karibu mwaka mzima. Kila jioni Joakim alipita kumwona binti yake, na kila jioni mimi nilikuwepo, nahesabu amekaa muda gani.

Mwaka uliofuata akazaliwa Mihayo. Akawa mrefu, na meno ya utu uzima yalipoota yakaja na mwanya. Mimi sina mwanya. Milembe hana. Joakim anao, tena ule unaoonekana hata akicheka kwa mbali. Nilimwapisha mke wangu mbele ya msalaba wa chumbani, akaapa bila kunitazama, na sikumwamini. Baadaye tulipata mimba mbili nyingine, watoto hawakukaa. Tukabaki na Mihayo na mwanya wake.

Sasa Milembe akaugua. Bariadi walimpima wakampeleka Mwanza, na Mwanza wakasema figo zote mbili zimechoka, anahitaji nyingine kutoka kwa mtu aliye hai. Masista wa misheni waliosoma na Milembe walikubali kubeba gharama, upasuaji ungefanyika Nairobi. Kilichobaki ni mtu wa kutoa. Kaka zake wawili wa Nkololo walikataliwa kwa presha. Nikasema, natoa mimi. Niliyasema hayo bila kupepesa macho, na nilimaanisha. Mihayo akasema naye apimwe. Ndipo Joakim, tuliyedhani amekuja wodini kuona mgonjwa tu, akasema: "Na mimi nipimeni."

"Wewe ni nani yake?" nikamwuliza.

"Domitila yuko hai," akajibu. "Inatosha."

Walituchukua damu wote watatu, ikapelekwa Nairobi kwa ndege pamoja na ya Milembe. Tulikaa siku kumi na mbili. Katika siku hizo nilikuwa na furaha ya ajabu, nikiri. Niliona jinsi atakavyotembea na kiungo changu ndani yake mpaka kufa, na hakuna jioni ambayo Joakim angeweza kupita kukiona.

Daktari wetu alikuwa mama mmoja anaitwa Lukresia, mtu wa Shishiyu, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha uinamie meza. Alituita sisi watatu ofisini, Milembe akabaki kitandani. Akafungua karatasi.

"Nairobi walichukua majimaji ya damu ya mama," akasema, "wakayachanganya na seli za kila mmoja wenu, waone kama atazipokea. Mzee Maganga, seli zako zimekufa. Zote. Damu ya mama imeziua."

Niliinamia meza zaidi.

"Za Mihayo nazo zimekufa, nyingi. Za Joakim ziko hai."

"Zote?" nikauliza.

"Zote ziko hai. Hakuna hata moja iliyoguswa. Sasa kaeni vizuri niwaeleze maana yake."

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Joakim alikuwa anatazama sakafu, na mtu anayetazama sakafu wakati kama ule mimi nilikuwa na hukumu yake tayari. Seli za mume zinauawa, seli za jirani zinalala ndani ya damu ya mke wangu kama ziko kwao. Unataka mashahidi wangapi? Daktari aliniita, "Baba, sijamaliza," nami nikamjibu kwamba mimi nimemaliza. Hospitali ilitaka saini ya mume kabla ya safari. Nikasema kalamu hiyo wampe Joakim.

Nikaenda wodini nikamwambia Milembe avae, tunarudi nyumbani.

"Wamesemaje, Baba Mihayo?" akaniuliza.

"Damu yako imesema yenyewe."

Alinitazama, kisha akaanza kutafuta kanga yake. Hakuuliza tena, na mimi nikauhesabu ukimya ule kuwa ni kukiri.

Alikaa nyumbani wiki tatu. Sitaki kuzieleza sana. Uso ulivimba mpaka macho yakawa mistari, ngozi ikamwasha, chakula alisema kina ladha ya chuma. Domitila aliacha duka lake Dutwa akaja kumwogesha na kumgeuza. Alimwita "mayu", mama, kama alivyozoea tangu utoto. Nilikaa barazani nikimsikia binti wa Joakim akimwimbia mke wangu kwa sauti ndogo, na badala ya kushukuru nilichemka. Nilijiambia familia yao imekamilika humo ndani, mimi ndiye mgeni. Nilitaka Milembe aniite aseme kweli. Kama angesema kweli ningesaini. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya: maisha yake nimeyashika mkononi, nasubiri neno moja.

Jumapili Mihayo alirudi kutoka misa, akasimama mbele yangu. Hakukaa.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka."

"Ulitoka kwa daktari maelezo yakiwa katikati. Mimi nilibaki mpaka mwisho."

"Basi niambie huo mwisho."

"Siwezi kukuambia mimi," akasema. "Tangu niko darasa la pili najua unachokitafuta kwenye uso wangu. Nikikuambia mimi utasema nimetumwa. Nenda ukasikie mwenyewe. Mayu ana wiki chache, daktari amesema hivyo." Akaingia ndani kwa mama yake.

Nilikwenda Mwanza kesho yake. Nisiseme nilikwenda kwa toba. Nilikwenda kwa sababu kijana alikuwa ameongea kama mtu mwenye karata mkononi, na mimi nilitaka kuiona.

Daktari Lukresia hakunikaripia. Alinimiminia chai, akaniuliza kama ni kweli nilikuwa napanga madaraja Dutwa.

"Ni kweli."

"Mwaka wa themanini na moja baba yangu alikuletea mifuko tisa. Uliandika fifi yote tisa. Nilikuwa nimekaa juu ya mkokoteni."

"Basi ilikuwa fifi," nikasema.

Akacheka kidogo. "Ilikuwa fifi. Aliloweka chini, akaweka kavu juu. Kwa hiyo wewe utanielewa haraka kuliko wengine."

Akaniambia kwamba kila seli ya mwili ina visahani vidogo sana kwenye ukuta wake wa nje. Ndani ya seli kazi haikomi, protini zinatengenezwa na nyingine zinakatwakatwa. Seli huchukua vipande hivyo kutoka ndani kabisa, ikavipakia kwenye visahani, ikavitoa nje. Walinzi wa mwili wanapita siku nzima wakivipapasa. Wakikuta kipande cha nyumbani, wanaendelea na safari. Wakikuta kipande cha kirusi, wanajua ndani kumeingiliwa, na wanaiua seli ile kabla uchafu haujahamia kwa jirani.

"Konzi ya katikati," nikasema.

"Konzi ya katikati. Mlinzi haingii ndani. Anasoma kilichotolewa nje."

"Na seli ikikataa kutoa?"

"Kuna virusi vinavyojua kuvificha visahani. Kwa hiyo kuna walinzi wa aina nyingine, ambao seli isiyoonyesha chochote wanaiua kwa sababu hiyohiyo."

Niliitikia kwa kichwa. Mfuko ulioshonwa mdomo mimi pia nilikuwa naurudisha bila kuufungua. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne mtu alikuwa anaongea nami kama mwenye kazi, na kidogo nisahau kilichonileta.

"Sasa sikiliza ulipoondokea," akasema. "Visahani vyenyewe havifanani, mtu na mtu. Mtoto anachukua nusu kwa mama na nusu kwa baba. Mama mjamzito amebeba tumboni visahani vya baba. Damu ya mtoto ikichanganyika na yake kidogo, hasa wakati wa kujifungua, mwili wa mama unavisoma, unaona si vyake, unatengeneza kingamwili za kupigana navyo. Haitokei kwa kila mama, ila waliozaa mara kadhaa wengi wanazo. Mtoto anakuwa ameshatoka, hapati shida. Kingamwili zinabaki. Mke wako ana mimba ngapi?"

"Nne."

"Mara nne amekutana na visahani vyako. Ndiyo maana damu yake imeua seli zako. Inakujua, mzee. Ukimpa figo yako itaitambua siku ileile."

Chai yangu ilikuwa imepoa. Nikauliza lile ambalo nilikuwa sijawahi kuliuliza kwa mtu wa tatu.

"Na Mihayo?"

"Mihayo amebeba nusu yako. Seli zake zimeuawa kwa visahani vilevile ambavyo damu ya mama iliviona kwako. Viko hapa, vina namba zake." Akaniwekea karatasi mbele, kidole chake juu ya mstari wangu, kisha juu ya mstari wa mwanangu. Namba mbili zilikuwa zilezile. Nilizisoma mara nyingi. Namba hazina mwanya.

"Joakim?"

"Damu ya mama haijawahi kukutana na visahani vya Joakim. Ni mgeni kabisa kwake. Angekuwa amewahi kumbebea mimba, kuna uwezekano mkubwa tungeona vita hapa. Kwa sababu ni mgeni, hakuna kingamwili inayomsubiri, na dawa zitawatuliza walinzi waliobaki."

Gashi! Kumbe nilikuwa nimesoma karatasi nzima kichwa chini. Kufa kwa seli zangu ndiko kulikokuwa kunamtetea Milembe, na kupona kwa seli za Joakim pia. Miaka kumi na mitano nilimtazama mwanangu mdomoni kila anapocheka, hata akaacha kucheka mbele yangu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Ungedhani wivu unaishia hapo. Mimi pia nilidhani. Nilikuwa nimeshachukua kalamu nisaini, na mkono ukasimama wenyewe.

"Daktari," nikasema, "kipimo hiki kinaona mimba."

"Ndiyo."

"Hakioni kitanda."

Alinitazama, na kile nilichokiona usoni kwake kilikuwa huruma, jambo ambalo lilinikera zaidi.

"Hapo, mzee," akasema, "hakuna mashine. Hapo utaamua wewe."

Nilisaini. Nataka hilo liandikwe popote panapoandikwa mambo yangu, kwamba nilisaini nikiwa na shaka ileile, kwa sababu nilimkumbuka Milembe akitafuta kanga yake bila kuuliza. Lakini nilisaini polepole, na daktari aliona.

Sista mmoja aliniambia Joakim naye lazima athibitishe upya, maana safari ya kwanza niliivunja mimi. Nikamfuata Dutwa. Ilikuwa saa tisa alasiri, msimu umechanganya, wakulima wamepanga baiskeli na mifuko yao hadi barabarani. Wengi wao walinijua, niliwahi kuwaandikia fifi. Joakim alikuwa kwenye mzani.

"Mwadila, Joakim."

"Mwadila, Maganga." Hakuacha kupima.

"Nimekuja kukuomba."

"Kuniomba nini?"

Alitaka niseme, na alikuwa na haki. Watu waligeuka kusikiliza. "Umpe mke wangu figo," nikasema.

"Hilo nilishalijibu. Nilimjibu yeye, wala sikuwa nasubiri uniombe." Akashusha mfuko, akamwashiria mkulima mwingine asubiri. "Kama unaomba jingine, omba."

Nilijua jingine ni lipi. Neno msamaha nikalikwepa. Nikamwambia kwamba ile karatasi ya Nairobi nilikuwa nimeisoma vibaya.

"Karatasi umekaa nayo wiki tatu, ngosha," akasema. "Mimi umenisoma vibaya miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nakuja kwako kumwona mwanangu akinyonya, na wewe unatazama saa. Nilikuwa nimefiwa." Alivuta pumzi. "Alhamisi asubuhi nitakuwa misheni. Kwa ajili ya Milembe."

Mkulima mmoja nyuma yangu alikohoa. Nikaondoka, na njia nzima nilikuwa natafuta kosa katika maneno yake, sikulipata.

Alhamisi saa mbili gari la masista lilikuwa tayari uani mwa misheni. Wangepita Lamadi, waende Sirari mpakani, hadi Nairobi. Nilikuwa nimevaa koti langu la mikutano na begi nimefunga tangu juzi. Milembe alikuwa ameshawekwa kiti cha mbele, mito miwili kiunoni, uso umefura. Aliliona begi.

"Unakwenda wapi, Baba Mihayo?"

"Nairobi. Na wewe."

"Anakwenda Mihayo," akasema. "Na Domitila wa kuniuguza."

"Na mimi mumeo?"

Alivuta mto mmoja kiunoni. Niliinama dirishani ili wengine wasisikie, nikamwambia yote. Nilimwambia visahani, mimba nne, namba mbili za Mihayo zilizofanana na zangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri, kama mtu anayeleta zawadi. Nikamalizia kwa lile nililoona ndilo tamu kuliko yote: "Daktari amesema damu yako inanijua mimi, Mama Mihayo. Joakim haimjui kabisa."

Nilingoja alie, au atabasamu. Alikuwa anatazama mikono yake iliyovimba.

"Mwaka wa themanini na tatu nilikuambia hivyo kwa mdomo," akasema. "Ukaniapisha, nikaapa."

"Najua."

"Sasa umeambiwa na damu, umeamini."

"Nimeamini," nikasema, na nadhani alisikia jinsi nilivyochelewa.

"Inakujua kweli," akasema Milembe. "Ndiyo maana inakukataa."

Akapandisha kioo, taratibu, kwa mkono wenye maumivu. Figo ile ilishika, namshukuru Mungu. Aliporudi baada ya miezi minne alishukia Nkololo kwa kaka zake, na huko ndiko aliko mpaka leo. Ila asubuhi ile sikuwa najua lolote la mbele. Nilikuwa nimesimama uani na begi langu, gari likaanza kutembea, na badala ya kumtazama mke wangu kwa mara ya mwisho, nikainama kuchungulia Joakim amekaa kiti gani.